Stata Isiyolingana na Pikapu ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa wenye pikapu za zamani zinazofanya kazi Arusha, Moshi na vijiji vya mlimani: Hilux za injini 2L, 3L na 5L, Land Cruiser za 1HZ, Nissan za TD27, L200 za 4D56, Isuzu za 4JA1 na 4JB1. Ni magari yaliyopita mikononi mwa mafundi wengi. Mengi yameshabadilishwa injini, gia boksi au flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini lenye ringi ya meno), na kumbukumbu ya kilichobadilishwa haipo. Ndiyo maana stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) iliyonunuliwa kwa jina la gari hugoma mara nyingi hivyo.

Nimefunga stata nyingine na gari bado haliwaki vizuri. Nitajuaje kama stata ni mbovu au ni nzima ila si ya gari hili?

Sikiliza kwanza, kisha pima. Stata mbovu huwa na kasoro hata ikiwa mezani: haizunguki, inazunguka kwa kusuasua, au pinioni, yaani gia ndogo ya mbele ya stata, haitoki. Stata isiyolingana hufanya kazi safi mezani, halafu ikifungwa kwenye injini inasaga, inavuma bila kuzungusha kitu, inang'ang'ania kwenye flaiwili, au inazungusha injini kwa unyonge hata betri ikiwa imejaa.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni la mezani. Ibane stata kwenye jiriwa, kwa sababu ikianza inaruka. Peleka chanya ya betri ya volti 12 kwenye terminali kubwa (30), hasi kwenye bodi, kisha gusisha chanya kwenye terminali ndogo (50). Pinioni itoke yote kwa kishindo kimoja na mota ivume kwa kasi isiyopanda na kushuka. Stata yenye gia za kupunguza mwendo, ya kilowati 1.4 hadi 2.0, ikizunguka bila mzigo hula takriban ampea 90 hadi 120. Ikila zaidi ya hapo kwa mbali, kuna bushi zilizoliwa, amecha (sehemu ya ndani inayozunguka) inayokwaruza au koili iliyoungua. Hapo tatizo ni ubovu, na sehemu kubwa ya majibu yafuatayo haikuhusu mpaka uitengeneze.

Muuzaji aliniambia ni stata ya Hilux, na gari langu ni Hilux. Inawezekanaje isiingiliane?

Kwa sababu stata haifungwi kwenye jina la gari. Inafungwa kwenye beli hauzingi (kava linalofunika flaiwili kati ya injini na gia boksi), inasukuma meno ya flaiwili, na inalishwa na betri. Hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua stata ipi ni sahihi. Hilux zimetoka na injini nyingi za petroli na dizeli. 2L ina sentimita za ujazo 2446, 3L ina 2779, 5L ina 2986, na injini hizohizo zimo pia kwenye Hiace. Stata nyingi za mtumba zinazouzwa kama za Hilux zimetoka kwenye Hiace, na nyingine zinafaa kabisa. Lakini unaweza kukuta injini inafanana huku urefu wa pua (sehemu ya mbele ya bodi inayobeba pinioni), idadi ya meno ya pinioni au upande unaokaa solenoidi (swichi ya sumaku inayosukuma pinioni na kupitisha umeme mkubwa) ukitofautiana. Hata gari moja lenye gia za mkono na lenzake la otomatiki yanaweza kutumia stata tofauti, kwa kuwa la otomatiki lina sahani nyembamba badala ya flaiwili nzito, na meno yake hayakai lazima kwenye kina kilekile.

Basi ni vipimo gani hasa vinavyotakiwa kulingana?

Hili ndilo swali la kulijibu kwa utulivu, maana ukilikosea utaharibu ringi ya meno, na kuibadili kunahitaji kushusha gia boksi.

Anza na idadi ya meno ya pinioni. Yahesabu kwa kuweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza. Sokoni utakutana na meno 9, 10, 11 na zaidi. Usidharau tofauti ya jino moja. Umbali kati ya kitovu cha pinioni na kitovu cha flaiwili umeshaamuliwa na tundu la beli hauzingi, huwezi kuusogeza. Tuchukue meno yenye moduli (kipimo cha ukubwa wa jino) 2.54: kila jino linaloongezwa kwenye pinioni linataka umbali huo uongezeke kwa milimita 1.27. Ukifunga pinioni ya meno 11 mahali pa meno 9, imekosa nafasi ya milimita mbili na nusu. Itagonga meno ya ringi, itakwama, au itapasua pua ya stata. Ukifanya kinyume chake, pinioni ndogo itashika ncha tu za meno. Siku za mwanzo inawasha gari, halafu inaanza kuruka na kuchonga ringi. Hili la pili ndilo hatari zaidi kwa sababu linadanganya.

Meno yenyewe pia yawe ya ukubwa mmoja. Pinioni mbili zenye meno 9 zinaweza kuwa za moduli tofauti. Pima kipenyo cha nje cha pinioni ya zamani na ya mpya kwa venia (kifaa cha kupimia kipenyo). Zikitofautiana hata milimita moja, simama hapo. Njia ya pili ni kuingiza meno ya pinioni moja katikati ya meno ya nyingine kwa mkono. Za moduli moja hukaa bila mwanga kupenya sana na bila kubana.

Baada ya meno pima shingo, yaani ile duara iliyochongwa inayoingia kwenye tundu la beli hauzingi. Stata nyingi za Kijapani huwekwa katikati na shingo hiyo. Bolti kazi yake ni kubana tu. Iingie kwa kusukumwa na mkono, isicheze. Ikicheza, pinioni haitakaa umbali uleule kila unapoifunga.

Kina kinafuata, na hapa ndipo wengi hukosea. Weka rula ya chuma kwenye uso wa flanji (sehemu ya stata yenye matundu ya bolti) na upime mpaka ncha ya pinioni ikiwa imepumzika. Kisha pima kutoka uso wa beli hauzingi mpaka ukingo wa karibu wa ringi ya meno. Pinioni iliyopumzika iache nafasi ya milimita 2 hadi 4 kabla ya kugusa ringi. Ikiachia milimita 10 haitafika vizuri. Ikiachia sifuri itasaga muda wote injini ikiunguruma. Pima tena pinioni ikiwa imetoka yote: ifunike angalau theluthi mbili ya upana wa jino la ringi, na isigonge uso wa flaiwili.

Kisha mwelekeo wa mzunguko. Shika pinioni kwa mkono na uizungushe: upande inaoteleza huru ndio upande ambao stata inasukuma, na upande wa pili inajifunga. Stata nyingi za pikapu za Kijapani hukaa upande wa injini, pinioni ikitazama gia boksi, na huzunguka kisaa ukiitazama kwa mbele ya pinioni. Zile zinazokaa upande wa gia boksi zikitazama injini huzunguka kinyume. Stata ya mwelekeo usio wake inaweza kukaa kwenye bolti vizuri kabisa na isiwashe gari milele.

Mwisho ni volti, kilowati, nafasi ya matundu ya bolti, na upande solenoidi inapoangalia. Hakikisha haigusi fremu, bomba la moshi wala shafti ya mbele kwa pikapu za 4WD.

Namba zilizopo kwenye stata zinanisaidia?

Sana, kama kibandiko hakijabadilishwa. Namba za Toyota za stata nzima huanza na 28100, za Nissan huanza na 23300. Mtengenezaji wa stata naye huweka yake: Denso hutumia namba kama 028000, 128000 au 228000 zikifuatiwa na tarakimu nne, Hitachi huanza na S114 au S13, Mitsubishi Electric hutumia M2T, M8T na kadhalika. Tarakimu za mwisho ndizo zinazobeba tofauti. Mtu akikwambia "namba inafanana, ni za mwisho tu zimetofautiana", amekwambia kwamba ni stata nyingine.

Kibandiko pia huandika volti na kilowati. Lakini stata zilizofufuliwa huwa zimeunganishwa: bodi ya moja, solenoidi ya pili, pua ya tatu. Kwa hiyo namba ikikubali, bado pima.

Nikigeuza ufunguo stata inavuma kwa kasi lakini injini haizunguki kabisa.

Umeme umefika na mota inazunguka, ila nguvu haifiki kwenye flaiwili. Kwenye stata iliyofungwa karibuni, shuku kina kwanza: pua ni fupi na pinioni haifiki. Ifungue uangalie meno ya pinioni. Yakiwa safi, bila alama mpya hata moja, haijawahi kugusa ringi. Yakiwa na mikwaruzo kwenye ncha ya mbele pekee, inafika kwa milimita mbili tatu na kuteleza.

Meno yakionyesha kwamba yalishika kote, basi klachi ya bendiksi (sehemu inayobeba pinioni na kuiruhusu iteleze upande mmoja) imekwisha. Izungushe kwa mkono: ikiteleza pande zote mbili, imekufa. Hitilafu hii mara nyingi hujionyesha asubuhi ya baridi, injini ikiwa nzito.

Inasaga na kukwaruza kama vyuma vinachongana. Naweza kuendelea kuitumia mpaka mwisho wa mwezi?

Hapana. Kila msago unaondoa chuma kwenye ringi, na stata ndiyo sehemu ya bei ndogo hapo. Iondoe leo. Kama lazima gari litembee, liegeshe kwenye mteremko na uliwashe kwa kusukuma mpaka upate stata sahihi. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukuma, hilo lisubiri.

Chunguza msago unatokea wakati gani. Ukitokea mwanzoni tu, pinioni inagonga meno kabla ya kuingia: idadi ya meno au moduli si yenyewe, au ncha za meno zilizochongwa mshazari zimeliwa. Ukitokea injini ikiwa imeshawaka, pinioni hairudi: imekaa karibu mno, inabanwa na umbali mdogo wa vitovu, springi ya kurudisha imechoka, au vumbi limeganda kwenye shafti. Hali hii ya pili ina hatari zaidi. Flaiwili ina meno mengi kuliko pinioni mara kumi au zaidi, hivyo injini ikifika mizunguko 800 kwa dakika pinioni inazungushwa zaidi ya 8,000. Klachi ya bendiksi ikishindwa kuteleza, amecha hutawanyika na nyaya zake kutoka kwenye nafasi zake.

Inalia "tak" moja na kunyamaza.

Hapa usikimbilie kulaumu stata. Weka multimita kwenye nguzo za betri. Betri nzima iliyopumzika isome karibu volti 12.6, ikisoma 12.0 imebaki na chaji kidogo sana. Mwombe mtu ageuze ufunguo huku unatazama. Ikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au stata imekwama kimitambo. Ikibaki juu ya 12 huku "tak" inasikika, mkondo mkubwa haupiti, na mara nyingi kosa liko ndani ya solenoidi. Kwenye Denso kuna vipande viwili vya shaba vinavyoguswa na planja (kijiti cha chuma kinachovutwa na sumaku). Vikiliwa upande mmoja, planja inagonga lakini haigusi. Vipande hivyo na planja huuzwa peke yake, na kazi yake haizidi saa moja.

Pima pia terminali 50 wakati wa kupiga stata. Ikipata chini ya volti 8, kosa lipo kwenye swichi ya ufunguo, rilei au waya mwembamba uliounganishwa kwa kusokotwa. Pikapu za zamani zina waya za aina hiyo nyingi.

Stata isiyolingana nayo hutoa "tak" moja pale pinioni inapogonga jino uso kwa uso na kushindwa kuingia. Ili kutofautisha, weka gia huru, zungusha injini kidogo kwa spana kwenye puli ya mbele, kisha jaribu tena. Ikishika sasa, tatizo ni la meno.

Inazungusha injini polepole, hasa asubuhi za Juni na Julai.

Arusha ipo kwenye takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya juu vya Kibosho, Machame na Marangu ni vya baridi kuliko Moshi mjini. Oili ya injini huwa nzito alfajiri, hasa kwa wanaotumia SAE 40 mwaka mzima. 15W-40 huipunguzia stata mzigo. Dizeli haiwaki kwa joto la cheche, inawaka kwa hewa iliyokandamizwa haraka, kwa hiyo mzunguko ukiwa wa polepole joto linapotea na gari linagoma hata plagi za kupasha zikiwa nzima.

Chunguza kilowati. Stata za injini ya petroli ya 22R zipo za kilowati 1.0 na 1.4. Dizeli za lita 2.4 hadi 3.0 zinahitaji takriban kilowati 2 au zaidi. Stata ya petroli ikilazimishwa kwenye dizeli, hata pale meno yanapokubali, itapata moto na kuungua mapema.

Halafu nyaya. Stata ya dizeli hula ampea 300 bila shida. Waya wa shaba wa milimita za mraba 50 wenye urefu wa mita 2 hupoteza takriban volti 0.2 kwa mkondo huo. Wa milimita 25 hupoteza 0.4, na hiyo ni upande wa chanya tu. Pima wakati wa kupiga stata: kutoka nguzo chanya ya betri hadi terminali 30 isizidi volti 0.5, na kutoka nguzo hasi hadi bodi ya stata isizidi 0.3. Ikizidi upande wa hasi, safisha athi (maungio ya umeme hasi) ya injini. Rangi iliyopakwa juu ya sehemu ya athi baada ya kunyoosha bodi ni sababu ya kawaida, na stata nyingi nzima zimetupwa kwa ajili yake.

Land Cruiser yangu ina betri mbili. Stata yake ni ya volti 12 au 24?

Pima, usikisie. Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi huwa na taa na vifaa vya volti 12 huku stata ikiwa ya volti 24. Kuna swichi maalumu inayounganisha betri mbili mfululizo wakati wa kuwasha, kisha inazirudisha sambamba. Nyingine ni za volti 12 moja kwa moja na betri zimewekwa sambamba. Na zipo zenye volti 24 gari zima.

Weka multimita kwenye terminali 30 ya stata na umwambie mtu ageuze ufunguo. Ukiona inapanda kuelekea 20 na kitu, stata inayotakiwa ni ya 24. Stata ya 24 iliyofungwa kwenye 12 itazunguka kwa unyonge, na wengi hununua betri mpya bila kupata nafuu. Ya 12 iliyofungwa kwenye 24 huwasha gari kwa kishindo, inapendeza kwa muda mfupi, halafu kaboni (brashi zinazopeleka umeme kwenye amecha) na koili zinaungua na bendiksi inapasuka.

Kuhamia volti 12 kunawezekana kwa gari lenye vifaa vya 12: stata ya 12 inayolingana na flaiwili, swichi ya kubadilisha kuondolewa, betri zote mbili kuunganishwa sambamba kwa waya mnene. Usiache swichi ile ikiwa imeunganishwa nusu. Ikijifunga vibaya inaunganisha betri kwa njia inayoweza kuwasha moto.

Isuzu zenye 4JB1 nazo zichunguzwe, kwa kuwa injini hiyo imo pia kwenye malori madogo ya volti 24, na stata zake zinauzwa meza moja na za pikapu.

Naweza kuweka washa (pete nyembamba za chuma) kati ya stata na beli hauzingi ili kurekebisha kina?

Kwa stata za Kijapani zinazokaa kwa shingo, tunashauri usifanye. Washa zinaivuta shingo nje ya tundu lake na kuinamisha stata kidogo. Bolti zinakaza lakini pinioni inakaa mshazari, na jino linashika upande mmoja. Zipo injini za Kimarekani ambazo kiwanda chenyewe kimeruhusu shimu (vibamba vya kurekebisha nafasi), na ndiko mazoea hayo yalikotoka. Kama kulikuwa na bamba jembamba kati ya injini na gia boksi na mtu akaliacha nje, hilo ni jambo lingine: lirudishe, kwa sababu kina kilipimwa nalo likiwepo.

Na kukereza pua, au kupanua matundu ya bolti?

Kukereza shingo iliyozidi sehemu ya kumi chache za milimita, kwa fundi mwenye mashine nzuri ya kukereza, kunawezekana pale meno, kina na mwelekeo vyote vimeshakubali. Kupanua matundu kwa faili ni kuharibu. Stata itasogea kila inapopigwa, kisha sikio la alumini litavunjika.

Je, nikibadili bendiksi tu na kuweka yenye meno sahihi?

Inaweza kuwa suluhisho zuri, na ni la bei nafuu, iwapo shafti ina mistari (mifereji iliyochongwa) ileile na pua inaipa pinioni mpya nafasi. Pima idadi ya mistari ya ndani, urefu wote, na kipenyo cha sehemu inayoingia kwenye bushi ya pua. Ukishafunga, fanya jaribio la koili ukiwa umechomoa waya wa mota kwenye terminali C (ile inayopeleka umeme kutoka solenoidi hadi mota). Hasi iwe kwenye bodi na kwenye C, chanya kwenye 50: pinioni itoke. Ondoa hasi ya C: pinioni ibaki nje. Ondoa hasi ya bodi: irudi papo hapo. Kila hatua isizidi sekunde 3 hadi 5, koili zisiungue.

Wakati mwingine haishiki, lakini nikilisukuma gari kidogo likiwa kwenye gia, inashika. Kwa nini?

Ringi ya meno imeliwa sehemu. Injini ya silinda nne ikizimwa husimama karibu kila mara kwenye moja ya sehemu mbili zinazotazamana, kwa sababu mgandamizo hutokea kila nusu mzunguko. Hivyo pinioni hugonga meno yaleyale miaka yote. Yenye silinda sita kama 1HZ ina sehemu tatu. Stata isiyolingana hulifanya jambo hili litokee upesi.

Toa stata, weka tochi kwenye tundu, na mwenzako azungushe injini kwa spana. Tazama mzunguko mzima, jino kwa jino. Ukikuta mahali pawili palipoliwa na kwingine pazima, ringi inaweza kutolewa na kurudishwa ikiwa imegeuzwa robo mzunguko, ili injini isimamie kwenye meno mazima. Ringi huingia kwa joto: ipashwe sawasawa kote hadi karibu nyuzi 200 za Selsiasi, iwekwe kwenye flaiwili baridi mpaka ikae chini kabisa, kisha iachwe ipoe yenyewe. Usiimwagie maji. Ikigeuka rangi kuwa ya buluu iliyokolea au nyekundu, ugumu wa meno umeondoka. Ncha zilizochongwa mshazari zitazame upande pinioni inakotokea.

Kufunga stata mpya kwenye ringi iliyoliwa ni kuipeleka stata ikaharibike pia.

Injini ilibadilishwa kabla sijanunua gari. Nitafute stata ya nini?

Soma namba ya injini kwenye bloku yenyewe, kisha ujue gia boksi na flaiwili ni za wapi. Kwenye ubadilishaji, fundi mara nyingi hubaki na gia boksi ya zamani, na wakati mwingine na flaiwili ya zamani, ili klachi ikubali. Ukiwa na injini ya 5L yenye flaiwili ya kitu kingine, hakuna muuzaji atakayekujibu kwa jina la gari. Hesabu meno ya ringi kupitia tundu la stata: weka alama ya rangi kwenye jino moja, zungusha injini kwa spana mpaka alama irudi. Hesabu mara mbili. Andika hesabu hiyo pamoja na vipimo vya shingo na kina, na karatasi ikae kwenye gari.

Nikienda kununua ya mtumba Unga Limited, Arusha, au Moshi mjini, nibebe nini na nijaribu vipi kabla ya kulipa?

Beba stata ya zamani hata kama imeungua. Picha haitoshi. Beba na venia na rula ya chuma. Muuzaji mwaminifu hatakukataza kulinganisha juu ya meza: zisimamishe mbili sambamba kwa flanji, pinioni juu, uone kama ncha zinafika usawa mmoja, kisha mwombe aipige kwa betri ili ulinganishe pinioni zikiwa zimetoka. Shika pinioni na kuitikisa pembeni. Ikicheza sana bushi ya pua imekwisha. Tazama kama skurubu za solenoidi zimeshafunguliwa, na unuse: koili iliyoungua ina harufu kali ya vanishi. Kubalianeni pia, kwa maandishi, kwamba inarudishwa kama haikuingiliana na flaiwili.

Hatua za kufunga ni zipi?

Ondoa hasi ya betri kwanza. Gia huru, handibreki juu, na mawe mbele na nyuma ya matairi. Gari likiwa juu, likae kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi.

Safisha uso wa beli hauzingi kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kwa kuwa hapo ndipo umeme wa hasi unapopita. Ingiza shingo kwa mkono mpaka flanji ikae yote kabla ya kugusa bolti. Ukiivuta kwa bolti utaipasua. Bolti za M10 kaza karibu Nm 39, za M12 karibu Nm 64, ukipokezana. Nati ya waya mkubwa, M8, isizidi Nm 10, la sivyo terminali itazunguka na kukata koili ndani. Rudisha kofia ya mpira. Waya mkubwa usiguse bomba la moshi, maana hauna fyuzi.

Kabla ya kuwasha, zungusha injini mizunguko miwili kamili kwa spana. Ukisikia mguso wowote kutoka kwenye stata, fungua tena. Kisha piga stata isizidi sekunde 10, pumzisha dakika moja. Baada ya kuwasha mara kumi hivi, itoe uitazame pinioni. Alama za kushika ziwe katikati ya jino, kwa upana wake karibu wote. Zikiwa nchani tu au kwenye shina tu, umbali wa vitovu si sahihi na stata hiyo irudi dukani ikiwa bado ina thamani.

Vumbi na maji yana mchango gani?

Barabara za Longido, Simanjiro na Mererani hujaza vumbi laini kwenye pua. Likichanganyika na grisi nyingi huwa gundi na pinioni hairudi. Paka mafuta mepesi kidogo kwenye mistari ya shafti, grisi usipake. Kwa wanaovuka mito na matope, kagua kaboni kila baada ya masika, na uhakikishe tundu la kutolea maji chini ya stata halijazibwa. Stata ya mtumba iliyofungwa ikiwa imegeuzwa huwa na tundu hilo juu, na maji huingia badala ya kutoka. Ukiikuta hivyo, nafasi hiyo ya solenoidi haikuwa ya gari lako.